Nani Huingia Cooperstown? Maswali Kuhusu Uchaguzi wa Ukumbi wa Umaarufu wa Besiboli

Ukumbi wa Umaarufu wa Besiboli uko Cooperstown, mji mdogo katika jimbo la New York, Marekani. Matokeo ya uchaguzi wake hutoka kila Januari na kuzua ubishi mkali, na sehemu kubwa ya ubishi huo inatokana na watu kutojua kura zinavyohesabiwa. Hapa tunazungumzia zaidi wachezaji wastaafu. Mameneja, waamuzi na viongozi wa timu wana utaratibu wao, nao tutaugusa tu panapohitajika.

Ukumbi huu ni mali ya nani? Ligi ndiyo inayochagua?

Hapana. Ni makumbusho ya taasisi binafsi isiyo ya kibiashara, iliyoanzishwa kwa juhudi za Stephen C. Clark, mkazi tajiri wa Cooperstown. Ligi Kuu ya Besiboli (MLB) inashirikiana nayo kwa karibu, lakini haiimiliki, na kamishna wa ligi hana mamlaka ya kumwingiza mtu. Kanuni zinatungwa na bodi ya Ukumbi.

Kura ya kwanza ilipigwa mwaka 1936, jengo likafunguliwa tarehe 12 Juni 1939. Watano wa kwanza walikuwa Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson. Cobb aliongoza kwa kura 222 kati ya 226. Hata Ruth, jina ambalo hata asiyejua besiboli amelisikia, alinyimwa kura 11. Leo waliomo ni zaidi ya 350.

Mchezaji anatakiwa awe na sifa gani ili agombee?

Mambo mawili ya msingi: awe amecheza angalau misimu 10 katika Ligi Kuu, na awe amestaafu kwa miaka 5 kamili. Msimu unahesabiwa hata kama alicheza sehemu yake tu. Misimu ya ligi za nchi nyingine haiingii kwenye hizo 10.

Mchukue Ichiro Suzuki. Alicheza misimu 9 Japani kabla ya kwenda Seattle mwaka 2001, na yote 9 haikuhesabiwa katika kigezo hiki. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Machi 2019. Ukihesabu miaka mitano kamili, 2020 hadi 2024, unapata kwamba kura yake ya kwanza ni ile ya matokeo ya Januari 2025. Wengi hukosea hapa kwa kujumlisha 5 kwenye mwaka wa kustaafu na kutarajia jina 2024. Jumlisha 6 kwenye mwaka wa mechi ya mwisho, utapata mwaka wa matokeo.

Akistaafu halafu akarudi uwanjani?

Saa inaanza upya. José Rijo, mrushaji wa Cincinnati, alikuwa kwenye karatasi ya mwaka 2001 akapata kura moja. Mwaka huohuo akarudi kucheza, akaendelea hadi 2002, kisha jina lake likaonekana tena mwaka 2008.

Na akifariki kabla ya miaka 5 kutimia?

Hasubiriwi. Anaingia kwenye uchaguzi wa kawaida unaofuata, mradi iwe imepita angalau miezi 6 tangu kifo chake. Kanuni hii inahusishwa na Roberto Clemente wa Pittsburgh, aliyefariki tarehe 31 Desemba 1972 katika ajali ya ndege akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi Nicaragua. Aliitishiwa kura maalumu mwaka 1973, akapata 393 kati ya 424. Yaani 31 hawakumpa kura.

Kila mwenye misimu 10 anawekwa kwenye karatasi?

La. Kuna kamati ya mchujo ya waandishi 6, na jina linapita likiungwa mkono na wajumbe wawili tu kati yao. Kwa hiyo mchujo ni mwepesi, na ndiyo maana kila mwaka utaona majina ambayo hayana matumaini yoyote ya kushinda. Kwa wachezaji hao, kuwemo tu kwenye karatasi tayari ni heshima.

Wapiga kura ni akina nani?

Ni wanachama wa Chama cha Waandishi wa Besiboli wa Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama BBWAA. Mtu anapata haki hiyo baada ya kuwa mwanachama kwa miaka 10 mfululizo. Zamani ukiipata ulikuwa nayo maisha yako yote, hata kama uliacha kuandika habari za besiboli miaka 30 iliyopita. Mwaka 2015 Ukumbi ulibadilisha kanuni: aliyeacha kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 10 anaondolewa. Idadi ya kura ikashuka mara moja, kutoka 549 mwaka 2015 hadi 440 mwaka 2016. Mabadiliko haya hayasemwi sana, lakini ndiyo yaliyowapa nafasi wachezaji ambao ubora wao unaonekana zaidi kwa takwimu za kisasa, kwa kuwa waliobaki ni watu wanaofuatilia mchezo hadi leo.

Kura ni ya mtu binafsi na haihamishiki. Katika uchaguzi wa 2014 mwandishi mmoja aliikabidhi kura yake kwa tovuti ili wasomaji waijaze. Chama kikamsimamisha uanachama mwaka mzima na kumfutia haki ya kupiga kura daima.

Karatasi inajazwaje?

Karatasi hutumwa kwa posta mwezi Novemba na lazima irudishwe ikiwa na mhuri wa posta usiozidi tarehe 31 Desemba. Mpiga kura anaweka alama kwenye majina yasiyozidi 10. Anaweza kuweka moja, matano, au asiweke hata moja. Haruhusiwi kuandika jina ambalo halimo. Hakuna kupanga kwa nafasi ya kwanza na ya pili: kila alama ina uzito sawa.

Asilimia 75 inahesabiwaje hasa?

Hapa ndipo mbivu na mbichi hujulikana. Mshindi lazima atajwe kwenye angalau asilimia 75 ya karatasi zilizorudishwa. Ambazo hazikurudishwa hazihesabiwi kabisa. Ukipata sehemu ya kura, unapanda hadi namba nzima inayofuata. Mwaka 2024 karatasi zilikuwa 385. Asilimia 75 yake ni 288.75, hivyo zilihitajika kura 289. Joe Mauer alipata 293, akapita kwa ziada ya kura 4. Billy Wagner alipata 284, akakosa kwa kura 5.

Asilimia yenyewe haikadiriwi kwenda juu. Nellie Fox, mwaka 1985, ukiwa ni mwaka wake wa mwisho kwenye karatasi, alipata kura 295 kati ya 395. Hiyo ni asilimia 74.68. Ungeiandika bila desimali ungeandika 75, na watu wengi wakati ule waliona haki ni hiyo. Ukumbi ulishikilia kanuni: zilihitajika 297. Fox alikuwa amefariki miaka kumi kabla, na alingoja hadi 1997 ndipo kamati ya wakongwe, mlango wa pili tutakaoueleza hapo chini, ikamchagua. Craig Biggio naye alikwama kwa kura 2 mwaka 2014, 427 kati ya 571, lakini yeye alikuwa na miaka mingine mbele na akapita 2015.

Kura tupu ina madhara gani?

Ina madhara kwa wote. Karatasi iliyorudishwa bila alama inaongeza idadi ya jumla bila kumwongezea mtu kura, hivyo ni sawa na kumkataa kila mgombea. Mwaka 2021 zilirudishwa 401, na 14 kati yake zilikuwa tupu, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Hakuna aliyechaguliwa mwaka ule. Curt Schilling aliongoza kwa 285, wakati zilihitajika 301.

Kuna wanaodai kura tupu ndizo zilizomwangusha. Fanya hesabu: ukiziondoa zile 14, zinabaki 387, na 285 kati ya 387 ni asilimia 73.6. Bado asingeingia. Anayetaka kumwadhibu mgombea mmoja amnyime alama huyo huyo. Karatasi tupu inawaumiza na wasiohusika, nasi tunaona si matumizi mazuri ya haki hii.

Mchezaji anabaki kwenye karatasi kwa muda gani?

Hadi miaka 10. Kabla ya mwaka 2014 ilikuwa 15. Lakini kila mwaka lazima afikishe asilimia 5, la sivyo anatolewa palepale.

Kizingiti hiki cha 5 ndicho kinachowapoteza wachezaji wazuri kimyakimya. Lou Whitaker, aliyecheza misimu 19 yote Detroit, alipata asilimia 2.9 mwaka 2001 na jina lake halikurudi tena. Kenny Lofton alipata 3.2 mwaka 2013. Mara nyingi tatizo ni msongamano. Karatasi ikiwa na wagombea 12 au 14 wanaostahili na nafasi ni 10 tu, mwandishi huanza na majina yaliyokwisha kupanda ili wasipitwe na muda, na anayeingia kwa mara ya kwanza bila kelele anakosa mahali.

Takwimu zake hazibadiliki baada ya kustaafu. Kwa nini basi kura zinapanda?

Ni swali zuri, na jibu lake lina sehemu zaidi ya moja. Scott Rolen alianza na asilimia 10.2 mwaka 2018, akachaguliwa 2023 kwa 76.3. Larry Walker alianza na 20.3 mwaka 2011, akashuka hadi 10.2 mwaka 2014, kisha akaingia 2020, mwaka wake wa kumi, kwa 76.6. Billy Wagner tuliyemtaja hapo juu alianza na 10.5 mwaka 2016 na kuingia 2025, naye ukiwa mwaka wake wa mwisho, kwa 82.5.

Kwanza, msongamano hupungua: wakubwa wakiingia, nafasi zinafunguka. Pili, wapiga kura wenyewe hubadilika, kama tulivyoeleza. Tatu, namna ya kupima imebadilika. Walker alichezea Colorado, ambako mji uko juu sana na mpira unaruka mbali kuliko kwingine, hivyo kwa miaka mingi waandishi walizishuku namba zake. Vipimo vipya vinarekebisha athari ya uwanja, na vilipotumika, bado alionekana bora. Rolen, mlinzi wa kona ya tatu, thamani yake kubwa ilikuwa kwenye ulinzi, jambo ambalo takwimu za zamani hazikuweza kulionyesha.

Na kuna nguvu ya tarehe ya mwisho. Mwandishi anayejua kwamba huu ni mwaka wa kumi wa mchezaji hulitazama jina hilo kwa makini zaidi.

Kuna namba ambayo mchezaji akiifikia anaingia moja kwa moja?

Kikanuni, haipo. Kanuni zinasema waziwazi kwamba hakuna tendo moja linalomwingiza mtu, hata kurusha mechi kamili isiyo na mpinzani aliyefika kituo. Kwa mazoea, namba zilizoheshimiwa ni mapigo salama 3,000, homurani 500, yaani mipira iliyopigwa ikatoka nje ya uwanja, na kwa warushaji ushindi wa mechi 300.

Rafael Palmeiro alikuwa na mapigo 3,020 na homurani 569. Mwaka 2005 alikutwa na dawa za kuongeza nguvu. Mwaka 2014 alipata asilimia 4.4 akatoka kwenye karatasi.

Siku hizi wengi huanza na kipimo kiitwacho WAR, kinachokadiria mchezaji aliiongezea timu yake ushindi wa mechi ngapi kuliko ambavyo angefanya mchezaji wa akiba wa kawaida. Ni chombo kizuri cha kulinganisha watu wa zama tofauti. Mahesabu yake ya ulinzi lakini ni makadirio, hasa kwa wachezaji wa zamani, kwa hiyo tofauti ya pointi mbili au tatu isikufanye uape.

Dawa za kuongeza nguvu zinamzuia mtu kisheria?

Hapana, hakuna kanuni inayowataja. Kilichopo ni kifungu cha tano cha kanuni za kura, kinachomtaka mpiga kura aangalie rekodi ya mchezaji, uwezo wake, uadilifu, uanamichezo, tabia na mchango wake kwa timu. Kila mwandishi anakitafsiri kwa dhamiri yake.

Barry Bonds ana homurani 762, nyingi kuliko mtu yeyote, na tuzo 7 za mchezaji bora. Roger Clemens ana tuzo 7 za mrushaji bora. Wote walianza mwaka 2013, wote walimaliza miaka 10 mwaka 2022: Bonds kwa asilimia 66.0, Clemens kwa 65.2. Mwaka huohuo David Ortiz, ambaye naye aliwahi kuhusishwa na dawa hizo, aliingia kwa kura yake ya kwanza. Ukiwauliza waandishi kumi mstari unachorwa wapi, utapata majibu kumi, na hilo ni tokeo la kanuni yenyewe, iliyoweka neno uadilifu bila kusema linapimwaje.

Pete Rose je?

Kisa chake ni tofauti, kwa sababu hakukataliwa na kura; hakupigiwa. Anaongoza kwa mapigo salama, 4,256, lakini alifungiwa maisha Agosti 1989 kwa kucheza kamari kwenye besiboli. Mwaka 1991 bodi ya Ukumbi ikaweka kanuni kwamba aliye kwenye orodha ya waliofungiwa hawezi kugombea. Rose alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Mei 2025 kamishna Rob Manfred aliamua kwamba kifungo cha maisha kinakoma mtu anapofariki, na hivyo Rose pamoja na Joe Jackson, aliyefungiwa kwa kashfa ya fainali za 1919, wakaondolewa kwenye orodha. Hiyo haimaanishi wameingia. Wanaweza tu kufikiriwa na kamati, mapema kabisa Desemba 2027.

Kamati hiyo ni ipi? Nilidhani waandishi ndio wanaoamua.

Waandishi ni mlango wa kwanza. Waliopita muda wao, pamoja na mameneja, waamuzi na viongozi, wana mlango wa pili: kamati za zama. Kwa mpangilio wa tangu 2022, kuna kamati ya zama za sasa, yaani kuanzia 1980, na kamati ya zama za kale, kabla ya 1980. Ile ya zama za sasa inashughulikia wachezaji mwaka mmoja, na mameneja, waamuzi na viongozi mwaka mwingine; mwaka wa tatu ni zamu ya zama za kale. Kwa hiyo kila kundi linapata zamu mara moja katika miaka 3.

Wajumbe ni 16: waliokwishaingia Ukumbini, viongozi wa timu, na waandishi au wanahistoria. Wanapewa majina 8, wanakutana Desemba, wanajadili, kisha wanapiga kura ya siri. Zinahitajika 12 kati ya 16, ambayo ni asilimia 75 ileile.

Ugumu uko hapa: kila mjumbe anaruhusiwa majina 3 tu. Kura zote kwa pamoja haziwezi kuzidi 48, na ukigawanya kwa 12 unaona kwamba hata zikipangwa kikamilifu hawawezi kupita zaidi ya wanne. Kwa kawaida hupita mmoja au wawili. Orodha ikiwa na wagombea watano wenye nguvu, wanagawana kura na wanaweza kukosa wote.

Dick Allen ndiye mfano unaouma zaidi. Mwaka 2014 alipata 11, akakosa kwa kura moja. Alifariki Desemba 2020. Desemba 2021 akapata tena 11. Desemba 2024 ndipo akapata 13. Dave Parker alichaguliwa naye siku hiyo kwa kura 14, akafariki Juni 2025, mwezi mmoja kabla ya sherehe. Kupunguza idadi ya majina kutoka 4 hadi 3, kama ilivyofanywa 2022, kumefanya mlango huu uwe mwembamba bila sababu ya maana.

Tangu 2025 kuna kanuni nyingine: anayepata chini ya kura 5 hawezi kurudi katika mzunguko unaofuata wa kundi lake, na ikimtokea mara ya pili hafikiriwi tena daima. Desemba 2025 Jeff Kent alichaguliwa kwa kura 14, huku Bonds na Clemens wakipata chini ya 5. Hawawezi kurudi kabla ya 2031.

Mlango huu pia umewaokoa walioporwa na kizingiti cha asilimia 5. Ted Simmons alitolewa na waandishi mwaka 1994 kwa asilimia 3.7, kamati ikamchagua Desemba 2019.

Wachezaji weusi waliozuiwa kucheza Ligi Kuu walichaguliwaje?

Kabla ya Jackie Robinson kuvunja ubaguzi mwaka 1947, wachezaji weusi walikuwa na ligi zao. Kigezo cha misimu 10 ya Ligi Kuu kingewaacha nje wote, hivyo ikaundwa kamati maalumu, na Satchel Paige akawa wa kwanza kuchaguliwa nayo mwaka 1971. Mwaka 2006 kamati nyingine maalumu ilichagua watu 17 kwa mara moja, akiwemo Effa Manley, mmiliki wa timu ya Newark, mwanamke wa kwanza na hadi sasa wa pekee. Robinson mwenyewe aliingia 1962 kwa kura za waandishi, asilimia 77.5. Alipita kwa tofauti ndogo mno kwa mtu wa uzito wake.

Kuna mchezaji aliyezaliwa Afrika?

Bado. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa wa kwanza kutoka barani kwetu kucheza Ligi Kuu, mwaka 2017 na Pittsburgh, lakini misimu yake haikufika 10. Kwa Afrika Mashariki, Uganda ndiyo iliyotangulia: watoto wa Lugazi walicheza fainali za dunia za ligi ya watoto nchini Marekani mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika hapo.

Aliyepata kura zote yupo?

Mmoja tu: Mariano Rivera, mwaka 2019, kura 425 kati ya 425. Derek Jeter alikosa moja mwaka 2020, na Ichiro akakosa moja mwaka 2025.

Mchezaji anaweza kuomba aondolewe? Na aliyeingia anaweza kutolewa?

Schilling aliomba jina lake litolewe kwenye karatasi ya 2022. Bodi ilikataa, mwaka huo akashuka hadi asilimia 58.6. Kuhusu kutolewa, haijawahi kutokea. Roberto Alomar alifungiwa na ligi mwaka 2021, lakini kibao chake cha kumbukumbu kimebaki ukutani.

Nani anaamua kofia itakayochorwa kwenye kibao?

Tangu 2001 ni Ukumbi, baada ya kuzungumza na mchezaji. Gary Carter alitamani kofia ya New York Mets. Kibao chake cha 2003 kina ya Montreal Expos, alikocheza zaidi. Aliyegawanya maisha yake kati ya timu mbili anaweza kuwekwa kofia isiyo na nembo, kama Greg Maddux mwaka 2014.

Nifuatilieje matokeo nikiwa Afrika Mashariki?

Kura za waandishi hutangazwa Januari, kwa kawaida saa 12 jioni kwa saa za New York. Kwetu hiyo ni saa 8 usiku, kuamkia siku inayofuata. Kabla ya hapo, waandishi wengi huchapisha karatasi zao na mashabiki huzijumlisha mtandaoni. Zitumie kwa tahadhari: wasiochapisha huwa wabanifu zaidi, hivyo mgombea aliye kwenye asilimia 76 au 77 kabla ya matokeo rasmi bado yuko hatarini. Matokeo ya kamati ya zama hutoka mapema Desemba, na sherehe ya kuwaingiza wote hufanyika Cooperstown Jumapili moja ya Julai.